Begonia Tisa na Pini za Mkwe

Jumatatu, 2 Machi

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi, na mimi nimeanza daftari jipya. Tangu wiki iliyopita niko kwa mwanangu, kwa sababu paa la nyumba yangu limeoza na fundi amesema hagusi bati hata moja mpaka mvua za masika ziishe. Nimekuja na sanduku la nguo, redio, na begonia zangu tisa, kila moja na chungu chake. Nimezipanga sebuleni chini ya dirisha kubwa. Hapo tu ndipo penye mwanga unaozifaa, mwingi lakini usio na jua kali.

Sebule hiyo hiyo ndiyo mkwe wangu anayoshonea. Anashona magauni ya harusi. Mashine yake iko hatua mbili kutoka kwenye begonia, na kitambaa cheupe kimetapakaa kila mahali, kitini, mlangoni, juu ya kabati. Nikamwambia asogee. Akasema, "Mama, na mimi nahitaji mwanga huo huo." Kwa upole kabisa. Watu wapole namna hiyo huwa siwaamini. Nimempa jina la Sindano, nalo litabaki humu humu daftarini.

Utaratibu wangu ni ule ule wa wodini, nilikokuwa muuguzi mkuu kwa miaka thelathini na miwili. Zamu mpya, ukurasa mpya. Unakwenda kwa mgonjwa kwanza, unamwona kwa macho yako mwenyewe, ndipo unaandika. Hufunui kurasa za nyuma kusoma zamu iliyopita, maana ukisoma utaona ulichoambiwa uone. Na kisichoandikwa hakijafanyika. Begonia nimezipa namba kama vitanda, cha kwanza mpaka cha tisa. Nimemwagilia zote.

Jumatano, 4 Machi

Mvua. Sindano ametia chumvi nyingi kwenye mchuzi. Nimekula nikanyamaza, ila nimenyamaza ili ajue nimenyamaza. Nimemwagilia.

Jumamosi, 7 Machi

Kitanda cha nne kimetoa ua la kwanza, jekundu. Nimemwagilia.

Jumamosi, 7 Machi

Mwanangu amerudi. Kazi yake ni kupima barabara, anaondoka Jumatatu alfajiri na kurudi Jumamosi. Nimemwonyesha ua jekundu la kitanda cha nne, akasema, "Mama, mikono yako ina baraka." Mkewe alikuwa amepiga magoti anapima pindo, hakuinua kichwa. Nimemwagilia kabla hatujaketi kula, begonia zisije zikasema nimezisahau kwa furaha ya mtoto.

Jumanne, 10 Machi

Kuna vidudu. Vyeusi, vina mbawa, vidogo kama nukta ya kalamu. Haviumi. Vinaruka chini chini kivivu, vinatua ukingoni mwa chungu, vinatembea kama wenye nyumba. Kimoja kimeangukia kwenye chai yangu.

Sindano akasema, "Ni usubi wa udongo, Mama. Unazaliana udongo ukiwa na maji muda wote. Tupunguze maji kidogo."

Nikamwambia usubi unazaliwa na uchafu, hayo nimeyajua kabla yeye hajaota meno. Kisha nikaenda kukagua jiko lake. Nilitafuta robo saa nzima, jiko lilikuwa safi, lakini nyuma ya ndoo nikapata ganda moja la ndizi. Nikalileta sebuleni na kumshikia mbele ya uso, kama nilivyokuwa nawashikia wanafunzi wauguzi bandeji chafu. Akalipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante.

Ahsante ya nini, sasa?

Alhamisi, 12 Machi

Amekuja na kiazi. Amekikata kipande cha mviringo, kibichi, amekilaza juu ya udongo wa kitanda cha nne. Anasema funza wa hao usubi watapanda kula, na baada ya siku mbili tutawaona. Nimemwacha. Nimemwagilia kukizunguka hicho kiazi chake.

Jumamosi, 14 Machi

Tumekiinua kiazi mwanangu akiwepo. Chini yake walikuwa wamejaa, weupe, wembamba kama uzi, kila mmoja na kichwa cheusi. Mwanangu akafunika mdomo. Nimesafisha vidonda vyenye mabuu mengi kuliko haya na nikaenda kula, lakini hawa walikuwa ndani ya begonia yangu.

Sindano akaeleza kama daktari wa zamu. Tusimwagilie wiki nzima, udongo ukauke hadi kiungo cha kwanza cha kidole. Tutie mchanga juu. Tuweke vipande vya karatasi ya njano iliyopakwa mafuta mazito, usubi unapenda rangi hiyo, utanasa. Akaniuliza, "Sawa, Mama?"

Nikasema sawa, kwa sababu mwanangu alikuwa ananitazama.

Jumapili, 15 Machi

Siku ya kwanza bila maji. Karatasi za njano zimesimama kwenye vyungu kama bendera za watoto. Sijamwagilia.

Jumapili, 15 Machi

Majani ya kitanda cha pili yamelegea. Yamekaa na kiu siku ngapi hivi? Nyumba ina watu wazima watatu na hakuna mwenye macho. Nimemwagilia zote.

Jumatano, 18 Machi

Leo nimefanya kama alivyosema, nimetia kidole. Kitanda cha kwanza, chapachapa. Cha pili, chapachapa. Cha tisa maji yamesimama kwenye kisahani na usubi unaogelea. Na mimi sijagusa maji tangu Jumamosi.

Basi yuko anayemwagilia. Mwanangu hayupo wiki nzima. Tumebaki wawili, na mmoja wetu ndiye mimi.

Nimekaa nikafikiri. Udongo ukilowa, usubi unaongezeka. Usubi ukiongezeka, mwanangu atasema begonia zitoke. Begonia zikitoka, haitapita wiki atasema paa la Mama bila shaka limeshakauka. Ndivyo anavyonitoa huyu, kikombe kimoja kimoja, huku akinipikia uji. Kikulacho ki nguoni mwako.

Ijumaa, 20 Machi

Leo alikuja mama wa bibi harusi mmoja kuona gauni la mwanawe. Gauni la miezi miwili, shanga kifuani zimebandikwa moja moja kwa gundi. Mwanamke akavaa miwani, akainama, akauliza, "Hizi nyeusi nazo ni shanga?"

Hazikuwa shanga. Usubi ulikuwa umenasa kwenye gundi mbichi, ishirini au thelathini, na mbawa zao. Sindano akajaribu kuutoa mmoja kwa ncha ya sindano, ukasagika, ukaacha alama kama ya wino.

Nilikuwa nimekaa pale pale na redio yangu. Ningeweza kusema ni vidudu vya maua yangu, mtoto wa watu hana kosa. Maneno hayo yalinifika hadi kwenye meno. Nikasema, "Utusamehe, mama. Humu ndani usafi ni mtihani."

Mwanamke aliondoka na gauni likiwa halijaisha, na kwenye ngazi nilimsikia akipiga simu, akimwambia mtu amtafutie mshonaji mwingine na awaonye na wenzake. Sindano alibaki ameshika kipimo chake cha utepe. Nilingoja alie. Hakulia. Alikunja kitambaa kilichobaki, akaniuliza kama nimekunywa dawa ya presha.

Nimemwagilia.

Jumapili, 22 Machi

Nimepata dawa yake. Nimejaza jagi la kumwagilia mpaka juu, nikachora mstari kwa kalamu ya wino pale maji yalipofika. Mchawi akipita, maji yatamtaja.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua imekatika kidogo. Begonia zilikuwa na kiu. Nimemwagilia zote tisa.

Jumatatu, 23 Machi

Nimemshika. Jagi limeshuka vidole vinne chini ya mstari, na mimi leo sijagusa maji, Mungu shahidi wangu. Sijamwambia kitu. Nimekula chakula chake chote nikasifia mboga.

Jumatatu, 23 Machi

Udongo wa kitanda cha sita umepasuka pembeni. Nimemwagilia.

Jumanne, 24 Machi

Leo nitaandika kila neno.

Asubuhi alizima mashine, akaja akaketi sakafuni karibu na miguu yangu, kama watoto wanavyoketi wakitaka hadithi. Akasema, "Mama, nakuomba usikasirike. Anayemwagilia ni wewe."

Nikamwambia arudie.

"Jana nimekuona mara tatu. Unamwagilia, unaketi, unaandika. Baadaye unasimama tena, unachukua jagi, kana kwamba siku ndiyo inaanza. Na siyo maji tu. Juzi umeninywesha chai mara mbili. Umeniuliza jina la baba yangu, na baba yangu unamjua." Akanishika goti. "Twende hospitali, mimi na wewe. Nitasema nakwenda kununua uzi. Mwanao sitamwambia mpaka wewe mwenyewe uniruhusu."

Kilichonijia kichwani ni msichana mmoja wa wodi yangu, muuguzi wa mwaka wa kwanza, aliyempa mgonjwa dozi mara mbili kwa sababu ya kwanza hakuiandika. Mgonjwa hakufa. Lakini nilimfukuza msichana yule mbele ya vitanda vyote, nikamvua kofia kwa mkono wangu, na pini zake za nywele zikaanguka sakafuni. Nilimwambia kichwa kisichokumbuka ni hatari kuliko mkono mchafu. Nasikia hakufanya kazi hiyo tena. Sijawahi kujuta.

Sasa fundi cherehani anakuja kuniambia mimi ndiye wa dozi mbili. Mimi ninayeandika.

Nikatoa goti langu mkononi mwake. Nikamwambia, "Huna mtoto, huna ndugu wa kike, sasa huna na wateja. Kilichobaki ni kumwita mama wa mumeo mwendawazimu?"

Akasimama, akarudi kwenye mashine, akashona mshono mrefu ulionyooka na uzi ukiwa haumo kwenye sindano. Nilimwona, sikumwambia.

Nimemwagilia.

Ijumaa, 27 Machi

Mvua kutwa. Usubi umeingia hadi chumbani kwangu.

Jumamosi, 28 Machi

Mwanangu alikuta kila mtu kwenye kona yake. Alipouliza kuna nini, nilimpa daftari nikiwa nimelifungua mahali pake. "Soma hapo."

Akasoma kwa sauti. Jagi limeshuka vidole vinne chini ya mstari, na mimi leo sijagusa maji. Akauangalia mstari wa wino kwenye jagi. Hakufunua ukurasa wa nyuma wala wa mbele. Nilimlea hivyo, asipekue vitu vya watu.

"Kwa nini?" akamuuliza mkewe. "Maua yamekukosea nini?"

"Mama anamwagilia na kusahau. Mpeleke kwa daktari, usiniamini mimi. Mwamini daktari."

"Mama yangu amekuwa akiandika kumbukumbu za wagonjwa kabla wewe hujazaliwa."

"Najua."

"Basi unataka niamini kipi, karatasi au mdomo wako?"

Hapo angepiga kelele, ingemsaidia. Mwanangu hapendi mwanamke anayepiga kelele, angekasirikia kelele hizo, na mambo yangeishia kwenye ugomvi wa kawaida na kusameheana. Lakini alisema taratibu, "Amini unachotaka. Mimi siwezi kuishi na mtu anayenitazama hivyo."

Mwanangu akamwambia aende kwao mpaka mvua ziishe. Mimi nikasema, "Ah, mwanangu, mbona mbali hivyo," kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikilizwa.

Jumapili, 29 Machi

Ameondoka. Ndugu yake wa kiume alikuja na gari, wakabeba mashine, marobota ya kitambaa, na sanamu ile isiyo na kichwa anayoivalisha magauni. Mlangoni alinigeukia. "Mama, kitanda cha nne kimeoza mizizi. Ukikitoa, usitumie udongo ule tena."

Namba za vitanda sijawahi kumtajia mtu. Labda huwa nasema kwa sauti.

Dirishani amesahau kikopo cha pini, zile ndefu za kubania pindo, zenye vichwa vyeupe. Nimekitia mfukoni. Sebule sasa ni pana na mwanga wote ni wangu. Nimemwagilia.

Alhamisi, 2 Aprili

Usubi umezidi. Nilidhani utapungua akiondoka. Bila shaka ametuachia mayai.

Jumamosi, 4 Aprili

Nimemwagilia.

Jumamosi, 4 Aprili

Mwanangu amekuja, amekaa kwenye kiti cha mkewe bila kuwasha taa. Nilimuuliza kama amekula. Akasema amekula. Jioni hii hakuna aliyepika. Nimemwagilia.

Jumamosi, 4 Aprili

Begonia zina kiu. Nimemwagilia.

Jumamosi, 4 Aprili

Mwanangu amekuja, nimefurahi sana, sikujua kama anakuja leo. Nimemwagilia.

Alhamisi, 9 Aprili

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, amepitia. Tangu Sindano aondoke hupitia kila mchana kunipikia. Anasema baba wa Sindano amedai kikao, Jumapili hapa hapa, familia zote mbili. Mwanangu anataka mkewe arudi, wifi ameona machoni mwake. Lakini yule mzee amesema binti yake harudi mahali anapoitwa mwongo mpaka neno hilo lifutwe. "Kwa hiyo uje na tarehe," wifi akaniambia. "Uonyeshe kila siku aliyomwagilia. Vinginevyo utaonekana umemsingizia mtoto wa watu."

Nikamwambia tarehe ninazo. Mimi ndiye mtu wa kukosa tarehe?

Jumamosi, 11 Aprili

Nimeketi tangu saa mbili asubuhi. Kichwa leo ni cheupe, kama dirisha lililofutwa. Nilifungua daftari ukurasa wa kwanza ili ninakili tarehe kwenye karatasi safi, kazi niliyoifanya mwisho wa kila mwezi kwa miaka thelathini na miwili.

Tarehe saba Machi ina kurasa mbili. Nilidhani nimekosea tarehe. Tarehe kumi na tano ina kurasa mbili, wa kwanza unasema sijamwagilia na wa pili unasema nimemwagilia. Tarehe ishirini na tatu, siku ya jagi, ina kurasa tatu. Nimemwagilia. Sijagusa maji, Mungu shahidi wangu. Nimemwagilia. Zote mwandiko wangu, na ile R yangu yenye mkia ambayo wauguzi walikuwa wakiicheka.

Nikafunua mbele, baada ya yeye kuondoka, nikiomba nikute ukurasa mmoja mmoja. Jumamosi iliyopita ina kurasa nne. Mwanangu amekuja mara mbili siku moja.

Nilikwenda kwenye vyungu. Niliinua kitanda cha nne kwa bua lake, kikatoka chote bila kushikwa na kitu, mizizi yake kahawia, laini kama uzi uliokaa ndani ya maji. Usubi ukapanda usoni kwangu. Sikuupunga, nikakirudisha kitanda kwenye chungu chake.

Ugonjwa huu una jina. Nimeliandika kwenye kadi za wazee wa watu, kalamu haikunitetemeka, na nikawaambia watoto wao koridoni pale pale: fungeni jiko, ficheni funguo, msibishane naye. Nilikuwa nasema haraka kwa sababu chai yangu ilikuwa inapoa.

Naogopa. Sijawahi kuandika neno hilo kwenye daftari lolote.

Kesho natakiwa kufanya jambo moja tu. Nilitoe daftari hili, nimwambie mwanangu afunue kila ukurasa. Sindano atarudi nyumbani kwake, kwa mumewe anayekaa gizani. Ni dakika mbili. Msichana wa dozi mbili alikiri kwa muda mfupi kuliko huo, alisimama mbele yangu akasema, "Ni mimi, Sista, nilisahau."

Nami nilimfanya nini?

Nimeyawaza ya baada ya hizo dakika mbili. Watanifungia jiko. Wataficha jagi. Na Sindano hatalipiza, hilo nalijua kama ninavyojua jina langu leo. Ataninawisha. Atanivisha. Nitamuuliza jina la baba yake mara kumi kwa siku, na mara kumi atanijibu kwa sauti ile ile. Akinichukia ningemudu, nimechukiwa na watu wengi na nikalala usingizi. Upole wake ndio nisioumudu. Kila nikiamka nitakuwa na deni la kumwomba msamaha mtu ambaye sikumbuki nilimkosea nini.

Nimetoa kikopo cha pini mfukoni. Nimebana kurasa za ziada, moja moja, pembeni, kama nilivyomwona yeye akibana pindo, pini mbili juu na mbili chini. Kila siku imebaki na ukurasa mmoja, nami nimechagua upi. Zimetumika pini ishirini na nane. Ukurasa huu nao nitaubana nikimaliza.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Sijamwagilia. Naandika hapa ili ijulikane kwamba siku moja nilijua.

Jumapili, 12 Aprili

Kikao. Tulikaa sebuleni, mwanangu, wifi, mkwe na baba yake. Baba mtu ni kinyozi mstaafu, ana mikono iliyotulia. Alinisalimu vizuri kuliko nilivyostahili.

Nilisoma. Tarehe kumi na nane, udongo chapachapa na sijagusa maji. Tarehe ishirini na tatu, jagi. Sauti yangu ilikuwa ile ya ripoti ya asubuhi, hakuna aliyekohoa. Yule mzee alinyoosha kidole. "Hizo pini ni za nini?"

"Daftari limechoka. Nimelibana lisichanike."

Ndipo Sindano alipoinua macho. Aliangalia vichwa vyeupe vya pini, akaangalia unene wa kurasa zilizobanwa, akaniangalia mimi. Alielewa. Mtu anayebana nguo maisha yake yote anajua pini huwekwa pale ambapo kuna kitu cha kufichwa ndani. Sote wawili tulikaa tukijua, na nilikuwa na akili zangu timamu, lisije likasemwa vingine.

Akasema, "Hizo pini ni zangu."

Mwanangu akampiga jicho. "Hata pini unadai?"

Alifungua mdomo. Ningemwacha aseme, nadhani. Lakini alimtazama mumewe, muda mrefu, kama mtu anayepima kitambaa na kukuta hakitoshi. Akafunga mdomo. Baba yake akasimama, akamshika mkono, akasema, "Mwanangu harudi hapa. Karatasi za kuachana mtaleta nyinyi au tutaleta sisi?"

"Leteni," akasema mwanangu.

Walipotoka, Sindano alisimama kwenye begonia kidogo, akatia kidole kwenye kitanda cha kwanza. Akakifuta kwenye sketi yake.

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemwagilia.

Jumapili, 26 Aprili

Mwanangu hakuja wiki hii wala wiki iliyopita. Wifi anasema ameomba kazi ya mbali. Sijui kwa nini, hapa ana kila kitu. Nimemwagilia.

Jumanne, 5 Mei

Mvua zinaisha. Nimepekua daftari kutafuta ukurasa mpya, kitu kikanichoma kidole hadi damu. Daftari langu limejaa pini. Ndefu, za vichwa vyeupe. Sina haja ya kuuliza ni za nani.

Nimemwita mara tatu, haitiki. Mashine yake haipo mahali pake, sijui ameihamishia wapi bila ruhusa. Hata chai hakuniwekea. Usubi umetanda dirishani, na yeye yuko huko anakozurura, ameniachia daftari limeshonwa kama gauni. Mwanangu akirudi Jumamosi nitamwambia waziwazi, achague, mimi au yeye.

Kurasa alizozibana sikuzifungua. Zimeshapita, na zamu iliyopita haisomwi kabla hujamwona mgonjwa. Nimekwenda kwenye vitanda kwanza. Majani hakuna, ila mabua yamesimama, na udongo juu nimeuona mkavu.

Nimemwagilia zote tisa.